Habari Zilizochaguliwa kwa Ajili Yako

Kwa kinyozi yule hukuhitaji kununua gazeti. Ulihitaji kichwa chenye nywele tu. Ungeketi kwenye kile kiti cheusi kilichofungwa utepe mkononi, ungevalishwa shuka shingoni, na kabla mashine haijaanza kunguruma ungekwisha kusomewa nani kafukuzwa kazi, nani kashinda mechi na bei ya mafuta imefika wapi. Simu yake aliisimamisha mbele ya kioo kwenye kishikizo cha waya alichokikunja mwenyewe, mkono wa kulia ukinyoa na kidole cha kushoto kikisukuma kurasa. Wateja wakampa jina la Mhariri, naye alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake.

Zamani, gazeti lilipokuwa la karatasi, alilitundika msumarini na kila aliyengoja zamu alilisoma, mpaka jioni likawa limejaa alama za vidole na vinyweleo. Kisha mwenye kibanda cha magazeti akafunga, gazeti likahamia simuni, na Mhariri akahama nalo. Nembo ilikuwa ile ile, ila sasa juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na maneno: Habari Zilizochaguliwa kwa Ajili Yako. Maneno hayo yalimpendeza. Hakuwahi kuchaguliwa kitu na mtu yeyote maishani, sembuse habari.

Tena alikuwa na neno lake moja ambalo mtaa mzima ulilijua. Ukimwambia maji yatakatwa kesho, atakuuliza, "Imetoka gazetini?" Ukimwambia jirani kavunjika mguu, na yowe lake wote mnalisikia, bado atauliza, "Imetoka gazetini?" Watu walicheka. Mkewe alikwisha kuacha kucheka zamani.

Asubuhi moja kwenye kiti alikuwa ameketi mwalimu mstaafu, mzee wa upara wa katikati aliyekuja kupunguzwa za pembeni. Dereva wa lori alikuwa kwenye benchi pamoja na wateja wengine. Mhariri alisukuma ukurasa, akakohoa, akasoma kwa sauti yake ya redio, "'Uvimbe kwenye titi: dalili ambazo mwanamke hapaswi kuzipuuza.'"

Alikuwa ameimaliza yote ndipo masikio yake yalipofahamu mdomo umesema nini.

"Mhariri!" dereva akapiga benchi kofi. "Kumbe unanyonyesha na hutuambii?"

Duka zima likaangua kicheko. Mhariri akasukuma haraka. Ikaja nyingine: jinsi ya kujipima mwenyewe nyumbani. Akasukuma tena. Simulizi ya mama mmoja aliyedhani ni maziwa tu. Dereva alikuwa amesimama nyuma yake sasa, anasoma juu ya bega lake.

"Si limeandikwa hapo juu? Zimechaguliwa kwa ajili yako wewe. Sisi tumekaa tu."

"Ni huu mtambo wao," Mhariri alisema, shingo imepata joto. "Wanatusikiliza. Juzi hapa mtu kazungumzia mke wake kujifungua, simu ikanasa."

"Haisikilizi," mwalimu alisema bila kugeuza kichwa, maana wembe ulikuwa nyuma ya sikio lake. "Inafuata unachosoma. Kuna kitu kinaitwa algoriti. Ukisoma mpira, kesho unaletewa mpira."

"Basi ni mpelelezi," dereva akadakia. "Mimi niliuliza bei ya tairi mara moja tu, mpaka leo matairi yananifuata hadi kitandani. Na zamani tukiingia hapa sote tumesoma gazeti moja, tunabishana mpaka raha. Leo wewe una lako, mimi nina langu. Nitabishana na nani?"

"Ndiyo maana nasema," mwalimu akaendelea polepole, "huenda kuna mtu mwingine anaishika simu yako."

"Simu yangu?" Mhariri alicheka peke yake safari hii. "Mwalimu, nyumbani kwangu msomaji ni mimi."

"Haya. Kinyozi hajinyoi."

Wakacheka tena wote, na Mhariri akacheka nao, ingawa hakujua amenyolewa wapi.

*

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na kiukumbi. Mkewe alikuwa mfuaji wa mashuka kwenye gesti iliyo nyuma ya stendi, na binti yao wa mwisho, ambaye ndiye pekee aliyebaki nyumbani, alitoa kopi kwenye duka la vifaa vya ofisi. Simu ya mkewe ilianguka kwenye beseni miezi mingi nyuma. Ilikuwa kabatini, imefungwa kwenye kitambaa, ikisubiri mwisho wa mwezi. Kila mwisho wa mwezi ulipofika kilitokea kitu chenye haraka zaidi. Kwa hiyo mama huyo aliazima simu ya mumewe jioni, mumewe akiwa bafuni, kumsalimia dada yake na kutazama mambo mengine mawili matatu.

Usiku ule, wakati wa chakula, Mhariri aliisimulia aibu yake kwa namna iliyomfanya yeye kuwa mshindi.

"Yaani gazeti zima, na waandishi wao na digrii zao, wamekaa wakaniona mimi mwanamke!"

Binti alicheka. Mama hakucheka.

"Na limeandika nini?" aliuliza.

"Nani?"

"Gazeti. Limeandika mtu akiona hivyo afanyeje?"

"Ningejuaje? Nilisukuma. Mambo ya wanawake."

"Siku hizi husomi mpaka mwisho."

"Za kutishana sisomi." Aliguguna mfupa wake, akaunyooshea ukutani kama fimbo ya darasani. "Mnajua wanavyofanya? Wanajua mtu akiogopa atabonyeza. Akibonyeza, tangazo linaingia, wao wanalipwa. Mtambo hauna mke wala mtoto, haujui mtu anaumwa au haumwi. Unachojua ni kubonyezwa tu."

Mama alizungusha maji kwenye bilauri yake.

"Labda si mtambo," alisema.

"Ni nani basi?"

Alimtazama binti, naye binti alikuwa anakwangua sahani. Akamtazama mumewe. Kisha akasimama kukusanya vyombo.

"Sijui. Nasema tu. Imetoka gazetini, na wewe mwenyewe hutaki kuiamini."

"Gazeti la leo si la zamani, mke wangu."

Alivibeba vyombo kwa mkono wa kushoto peke yake. Ule wa kulia ameubana ubavuni. Mhariri aliliona hilo. Alidhani ni uchovu wa mashuka, na uchovu wa mashuka ulikuwa jambo la kila siku, halina haja ya kuulizwa.

*

Habari zile ziliendelea kuja. Siku tatu nne mfululizo wateja walikuwa wakiingia na salamu ya, "Mama Mhariri hajambo? Mtoto anashiba?" Mwisho akafunga duka mchana, akavaa shati la kutokea, akaenda ofisini kwa gazeti lenyewe. Alikuwa amelisoma tangu ujanani na hakuwahi kufika. Jengo lilikuwa la vioo, na mlinzi mlangoni akamtazama viatu kwanza.

"Umeleta tangazo la kifo, mzee? Dirisha lake ni kule upande."

"Sijafiwa," Mhariri alisema. "Nimekuja kama msomaji."

Mlinzi alifikiri kidogo, kwa kuwa mtu wa aina hiyo hajazoea kumpokea, kisha akamwonyesha meza ya wageni. Palikuwa na binti aliyevaa kitambulisho shingoni, mpole, akamwamkia vizuri na kuipokea simu kwa mikono miwili. Kwenye makochi walikaa watu wenye mikoba wakisubiri miadi yao.

"Baba, ukurasa huu hauoni uso wa mtu," alieleza. "Unaona kitu gani kimefunguliwa, na mtu amekaa nacho muda gani. Hizi za afya zimefunguliwa mara nyingi kwenye simu hii. Na hazikupitiwa juu juu. Zimesomwa mpaka chini."

"Na nani?"

"Na mwenye simu."

"Mwenye simu ndiye huyu unayemwona. Sijazisoma."

"Basi labda mama nyumbani, au..."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, lakini Mhariri aliona mtu mmoja kwenye makochi ameinua macho. Alijisikia kama kavuliwa shati. Mwili wa mkewe ulikuwa unajadiliwa mezani, kwenye jumba la vioo, na mtoto mdogo asiyemjua.

"Binti," alisema, "mke wangu akiumwa ataniambia mimi. Hataliambia gazeti."

"Samahani, baba. Sikuwa na nia mbaya."

"Na hayo mengine mnayoyajua juu yangu mnayapeleka wapi?"

"Ulikubali siku ulipoiweka. Yamo kwenye masharti."

"Nani husoma masharti?"

"Hakuna," binti akakiri, na wote wawili wakajikuta wanacheka. Kicheko hicho kilimtuliza. Alimwona sasa ni mtoto mzuri, mwenye kazi ngumu.

"Ukitaka zisije tena naweza kuzizima," binti akasema. "Za uvimbe peke yake, au za afya zote?"

"Zote."

"Hata matangazo ya hospitali hayatakufikia."

"Ndiyo raha yenyewe."

Akabonyeza hapa na pale, kisha akamrudishia simu. Kiooni palikuwa na swali: Una uhakika? Hilo ilibidi alijibu mwenye simu mwenyewe. Mhariri akalijibu kwa dole gumba lake lililokuwa bado linanukia spiriti.

*

Gazeti likapona. Hivyo ndivyo alivyowatangazia wateja, na ndivyo alivyomtangazia mkewe asubuhi iliyofuata juu ya chai: mpira, siasa, mpira, mwizi wa transfoma. Na kwa kuwa yule binti wa ofisini alikuwa amedokeza juu ya mikono mingine, akaiwekea simu namba ya siri. Alisema ni kwa ajili ya vibaka. Mkewe alipoiomba jioni, aliifungua yeye, akampa.

"Mpigie dada yako. Ila gazeti usiliguse, ndiyo kwanza nimelitengeneza."

Mama aliishika ile simu bila kupiga kokote. Baadaye akamrudishia, akasema dada hapatikani.

Kwa muda, kila asubuhi alikuwa na swali moja. "Leo limekuletea nini?"

"Mpira."

"Hamna kingine?"

"Kingine cha nini?"

Angesimama pale na kitambaa cha vyombo, halafu angeenda zake. Asubuhi moja hakuuliza. Mhariri hakuona kwamba kuna kitu kimepungua. Chai ilikuwa ile ile.

Jioni moja, wakati ule wa joto kabla ya mvua, mama alirudi kazini akakaa kwenye kiti cha mlangoni bila kuvua viatu.

"Wanasema pale uwanjani wamepiga hema. Wanapima wanawake."

Mhariri alikuwa anatazama msimamo wa ligi. Neno likamtoka lenyewe kwa mazoea, hata hakulifikiria. "Imetoka gazetini?"

"Sijui. Gazeti umelifunga wewe."

Akasukuma juu, akasukuma chini, ili asionekane mtu mbaya. "Hamna. Hamna kitu hapa. Watakuwa wauza dawa hao."

"Basi," mkewe akasema, akainama kuvua viatu.

Kesho yake dereva wa lori aliingia dukani kamwacha mkewe kwenye foleni uwanjani. "Wanapima bure, madaktari wenyewe wametoka hospitali kuu. Kesho ndiyo mwisho."

"Sijaiona gazetini."

"Hujaiona? Wiki nzima iko ukurasa wa kwanza!"

Dereva akatoa yake. Wakaziweka simu mbili sambamba juu ya meza ya kioo, kati ya kopo la poda na brashi. Gazeti moja, nembo moja, tarehe moja. La dereva lilikuwa na picha ya hema, akina mama wamepanga mstari, na maelezo yote. La Mhariri lilikuwa na kocha aliyefukuzwa. Wakazitazama, wote wawili, wakatikisa vichwa kwa mshangao, kama watu waliopewa majibu mawili ya hesabu moja. Kisha mteja akaingia na mtoto wa kunyolewa, na kila mtu akachukua yake.

Alikusudia kumwambia mkewe. Hili Mhariri atakuapia hadi leo, na ni kweli, alikusudia. Alilibeba neno lile njia nzima. Lakini nyumbani alimkuta mama amelala mapema, uso kaelekeza ukutani, na kwenye televisheni ya jirani mechi ilikuwa imeanza. Asubuhi akaamka amechelewa. Alipolikumbuka tena, hema lilikuwa limeshang'olewa na uwanja umebaki na mashimo ya vigingi.

*

Mwenye gesti ndiye aliyempigia. Mkeo, alisema, ameshindwa kunyanyua beseni. Mkono umevimba na anasema hauna kitu. Njoo umchukue, mimi sitaki lawama.

Hospitalini walisubiri sana. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Alimpima nyuma ya pazia, akatoka, akanawa, akaketi. Majibu kamili yangekuja baada ya vipimo, alisema, lakini hakutaka kuwadanganya: kilichokuwa titini kilikuwa kimefika kwapani. Yangefanyika yanayowezekana. Wangeanza kwa upasuaji.

"Mama, uliona uvimbe lini?"

"Tangu miezi ile ya baridi."

"Miezi yote hiyo? Na hukumwambia mtu?"

Mama alimtazama mumewe. Hakumtazama kwa ukali. Mhariri alingoja ajibu, na daktari akangoja, kisha daktari akarudi kwenye kuandika kwake.

"Mngekuja wakati ule," alisema huku akiandika, "tungezungumza mengine."

Wakatoka kwenye ukumbi mrefu wenye mabenchi. Binti yao, aliyewafuata huko, alikwenda kulipia vipimo. Mhariri aliketi kando ya mkewe, akaushika mkoba wake kwa kuwa hakujua ashike nini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Lini, mama? Lini uliniambia?"

"Kila asubuhi."

Alidhani homa imempanda. Lakini mama alikuwa ametulia, anatazama watu wanaopita, na alizungumza polepole kama mtu anayefuata mshono.

"Unakumbuka ulipolalamika gazeti linakuletea magauni? Ulipiga kelele asubuhi nzima. Mimi ndiye niliyekuwa nimetazama magauni jioni yake, kwa ajili ya ile harusi kwa dada. Nikajua. Ninachosoma mimi jioni, wewe unaletewa asubuhi. Nilichekea jikoni, peke yangu."

Mhariri aliuhamishia mkoba kwenye goti lingine.

"Basi nilipoliona hili donge, nikakaa nalo. Nikasema, mwanaume huyu hasikii la mtu mpaka litoke gazetini. Basi na litoke gazetini. Ukiingia kuoga mimi nafungua. Unajua sisomi haraka. Lakini nilizisoma zote mpaka chini, niliogopa nikiziacha njiani gazeti litaona si kitu cha maana. Nikawa nangoja utoke chumbani siku moja uniulize, 'Mke wangu, mbona gazeti linaniletea haya?' Ningekuonyesha pale pale."

"Ungetamka tu. Kwa mdomo."

"Mwaka ule wa tumbo nilitamka kwa mdomo. Ulisemaje?"

Alikumbuka, na alitamani asingekumbuka. Alikuwa amesema mbele ya shemeji zake, na wote wakacheka, kwamba tumbo la mke wake linajua kalenda: huuma siku za kazi tu. Mwezi huo huo mama alilazwa. Baadaye walikubaliana kimya kimya kwamba lile halikusemwa.

"Nilidhani ni mtambo," alisema.

"Nilijua unadhani ni mtambo. Nilikuambia usiku ule tukila. Labda si mtambo, nikasema. Ungeniuliza mara ya pili ningesema." Alijiweka sawa, mkono wake ulikuwa unamuuma. "Uliporudi ukasema gazeti limepona, sikukasirika. Niliona aibu tu. Nimemwita mtu njiani, na mtu hakugeuka."

Binti akarudi na risiti, akawatazama wote wawili, akaketi pembeni yao.

*

Titi lilikatwa. Dawa zikafuata, zile za kudungwa zinazomaliza mtu nguvu na hamu ya kula. Nywele za mama zilipoanza kudondoka, Mhariri alimleta dukani siku ya mapumziko, mlango umefungwa, akamkalisha kwenye kile kiti na kumnyoa mwenyewe. Mashine ilinguruma peke yake. Hakumsomea kitu.

Mtaani watu walikuwa na methali yao tayari, na waliitumia bila uchoyo: mficha maradhi kifo humuumbua. Mhariri aliisikia kwa majirani akanyamaza. Aliisikia kwa shemeji yake akanyamaza, na kunyamaza huko kulimfaa, maana lawama ilipita pembeni yake kwenda kwa mgonjwa. Lakini siku dereva wa lori alipoirudia, tena kwa huruma ya kweli, shuka likiwa shingoni kwake, Mhariri alizima mashine.

"Hakuficha," alisema.

"Nani?"

"Mke wangu. Zile habari mlizonichekea, alikuwa ni yeye. Alikuwa ananiambia. Nami nikavaa shati, nikaenda mpaka ofisini kwao kumziba mdomo."

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa benchini, alikohoa.

"Usijitese, ndugu yangu. Si ule mtambo wao? Ndio uliokuficha habari ya hema. Mambo haya yanapaswa kuandikwa, watu wajue."

Ilikuwa ni huruma, na ilimjia kwa ulaini sana. Angeweza kuipokea. Wote walikuwa tayari kukubaliana naye, hata dereva alianza kutikisa kichwa akikumbuka matairi yake.

"Mtambo ulisema, mwalimu," Mhariri akajibu. "Ulisema kila siku. Aliyebonyeza ni mimi."

Akawasha mashine, akamaliza kichwa kilichobaki nusu. Hakuna aliyeomba kusomewa.

Wiki hiyo hiyo aliitoa ile simu ya mkewe kabatini, akaifungua kitambaa, akaipeleka kwa fundi. Fundi aliitazama, akaibadilisha kioo na betri huku Mhariri amesimama, ikawaka. Ilikuwa kazi ya muda wa kunyoa vichwa viwili. Alirudi nayo nyumbani mbio mbio kama aliyebeba dawa, akamwekea gazeti ndani yake kwa mkono wake mwenyewe, na kwenye simu yake yeye akafungulia tena habari zote za afya.

Tangu hapo kila asubuhi huamka kabla ya mkewe na kulifungua gazeti lake yeye. Hulisoma lote, mpaka chini kabisa, taratibu, akitafuta. Kuna mpira. Kuna siasa. Kuna za afya pia, za watu wote: presha, meno, maji salama. Hakuna hata moja iliyopitia kwenye kidole cha mkewe. Mama ana simu yake sasa, na gazeti lake, na linalochaguliwa kwa ajili yake linamjia yeye peke yake.

Asubuhi moja ya mvua alimkuta ameegemea mto, kitambaa kichwani, anasoma. Midomo yake ilikuwa ikienda kidogo, kama ilivyokuwa ikienda alipokuwa anasoma tangu ujana wao. Alikuwa amefika chini ya ukurasa. Mhariri alimwekea chai kwenye stuli, akasimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Leo limekuletea nini?" aliuliza.

Mkewe aliinua macho, akamtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

"Mambo ya wanawake," alisema, akaigeuza simu, akailaza kifudifudi juu ya shuka.